Ndege Bado Wako Mpungani

Wanangu mliokulia bonde la Kilombero, iwe Ifakara mjini, Mang'ula, Mlimba au ng'ambo ya mto kule Lupiro na Malinyi, hakuna haja ya kuwaeleza kazi ya kuamia ndege. Mpunga unapoanza kutia punje, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na mtoto hupandishwa juu ya dungu na debe lake na teo lake, apige kelele kutwa nzima. Kijana akipiga kelele, kila mtu shambani anajua ndege wamefika. Na kelele zenyewe huwafukuza baadhi yao.

Homa ni kelele za namna hiyo. Wadudu wa ugonjwa wakiingia mwilini, chembe za damu zinazolinda mwili hutoa ishara, ishara hiyo hufika kwenye ubongo, na ubongo hupandisha joto. Mtu mzima wa afya ana joto la karibu nyuzi 37. Likifika 38 tunasema ana homa. Joto hilo si ugonjwa. Ni mwili unaopigana, na wadudu wengi hupata taabu kuzaana kwenye joto la namna hiyo. Sasa mtu akija na kidonge cha kushusha homa, amemnyamazisha kijana wa kwenye dungu. Kijana anapumzika, koo linapona, na hilo ni jambo jema, kwa sababu mtoto mwenye homa kali hali, hanywi, halali. Lakini ndege bado wako mpungani.

Shikeni hapo, kwa sababu hadithi yangu ya leo ni ya watu ambao walisikia maneno "homa imeshuka" na hawakuridhika. Wengine waliuliza: dawa hii iliyoshusha homa, imeacha nini nyuma ndani ya mwili? Wengine wakauliza: na homa yenyewe, ilikuwa ya nini? Dawa tulizo nazo leo, ambazo ni salama kuliko zile za mababu zetu, zimetoka kwa watu hao. Baadhi yao walifanya kazi hapa hapa Ifakara.

Tuanze mbali kidogo, Ulaya, mwaka 1886, mji wa Strasbourg. Madaktari wawili vijana, Arnold Cahn na Paul Hepp, walikuwa wakimtibu mgonjwa mwenye minyoo. Waliagiza dawa fulani kutoka famasi. Famasi ikakosea, ikawapelekea unga mwingine kabisa. Minyoo haikufa, lakini homa ya mgonjwa ilishuka. Wakachunguza, wakagundua wamepewa kitu kinachoitwa asetanilidi. Hakikuwahi kutumika kama dawa. Katika muda mfupi kikawa kinauzwa kila mahali, cha bei nafuu, na watu wakakifurahia.

Kisha midomo ya baadhi ya wagonjwa ikaanza kugeuka rangi ya buluu. Kucha nazo. Dawa ilikuwa inaharibu ile kazi ya damu ya kubeba hewa. Homa ilishuka, ndiyo, lakini damu ilikuwa inashindwa kupeleka oksijeni mwilini. Mwaka 1887 ikaja ndugu yake, fenasetini, iliyoonekana kuwa nzuri zaidi. Watu waliitumia miaka mingi mno kabla haijajulikana kwamba wale walioinywa sana walikuwa wanaharibika figo. Marekani iliondoa fenasetini sokoni mwaka 1983. Hesabuni wenyewe: karibu miaka mia moja tangu ianze kuuzwa.

Sasa kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika hadithi hii. Mwaka 1948, mjini New York, wanasayansi wawili, Bernard Brodie na Julius Axelrod, walijiuliza swali ambalo mtoto yeyote mdadisi angeweza kuuliza: mtu akimeza asetanilidi, mwili unaifanya nini? Walichunguza damu na mkojo. Wakaona kwamba mwili huigeuza dawa hiyo kuwa vitu tofauti. Kitu kimoja ndicho kilichokuwa kinaharibu damu na kugeuza midomo. Kitu kingine ndicho kilichokuwa kinapunguza maumivu na kushusha homa. Sumu na tiba zilikuwa zimekaa ndani ya kidonge kimoja, na hakuna aliyekuwa amezitenganisha. Kitu hicho cha pili, kile chema, ni parasetamoli. Nayo ilikuwa imeshatengenezwa maabara tangu miaka ya 1870 na Mmarekani Harmon Northrop Morse, ikaachwa. Kwa hiyo watu walikuwa wanameza sumu ili mwili uwatengenezee dawa ambayo tayari ilikuwa inajulikana. Mwaka 1956 parasetamoli ikaanza kuuzwa Uingereza kwa jina la Panadol, na jina hilo limeshika Afrika Mashariki hadi watu wengi huita kila kidonge cheupe cha kichwa "panadoli".

Na aspirini? Hiyo nayo ina hadithi yake. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza, Edward Stone, aliandika barua kueleza alivyowapa watu wapatao 50 wenye homa unga wa gome la mti unaoota kando ya mito. Gome hilo lilikuwa chungu, kama magome mengi ambayo bibi zetu hutuchemshia. Mwaka 1897, katika kiwanda cha Bayer Ujerumani, Felix Hoffmann alitengeneza aspirini kutokana na dawa ya ukoo wa gome hilo, na kufikia 1899 ilikuwa inauzwa. Ilichoma tumbo kidogo kuliko ile iliyotangulia, lakini hadi leo inaweza kusababisha vidonda na kutoa damu tumboni.

Kwa watoto ilikuwa na hatari nyingine, na hii ilijificha kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1963, huko Australia, daktari Ralph Douglas Reye aliandika kuhusu watoto waliokuwa na ugonjwa mdogo wa virusi, mafua tu au tetekuwanga, wakaanza kupona, kisha ghafla wakatapika, wakachanganyikiwa, ini likaharibika, ubongo ukavimba. Wengi walikufa. Ilichukua miaka mingine hadi watafiti wa Marekani walipoona kwamba sehemu kubwa ya watoto hao walikuwa wamepewa aspirini kwa ajili ya homa. Mwaka 1980 Marekani ilihesabu watoto 555 wenye ugonjwa huo. Wazazi wakaonywa, maandishi yakawekwa kwenye paketi, na tangu 1987 idadi yao haikuwahi kufika hata 40 kwa mwaka mmoja. Hakuna mashine mpya iliyofanya hivyo, wala chanjo. Watu waliacha tu kuwapa watoto wenye homa kidonge kimoja, wakawapa kingine. Ndiyo maana leo, ukiwa chini ya miaka 16 na una homa, mhudumu mzuri hakupi aspirini.

Najua baadhi yenu mnawaza: basi afadhali mwarobaini, mti wa Mungu hauna kemikali. Wanangu, kila kitu kina kemikali, hata maji ya mto Lumemo. Huko Malaysia, mwaka 1981, madaktari waliandika kuhusu watoto wadogo waliopewa mafuta ya mbegu za mwarobaini wakapata ugonjwa unaofanana sana na ule alioueleza Reye. Sisemi hivyo kuwavunjia heshima wazee wenye ujuzi wa mitishamba. Dawa kali kabisa ya malaria tunayoitegemea leo ilitoka kwenye mmea wa shamba la China. Tu Youyou na wenzake waliipata mwaka 1972 baada ya kupekua maandishi ya kale ya tiba, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel. Ninachosema ni kwamba mti nao huulizwa maswali yale yale kinayoulizwa kidonge: umeacha nini nyuma? Kiasi gani kwa mtoto wa kilo 10?

Tumefika kwenye bonde letu.

Mwaka 1957 Mswisi mmoja, Profesa Rudolf Geigy, alianzisha Ifakara maabara ndogo ya utafiti. Mji ulikuwa na hospitali ya wamisionari, St. Francis, na kuuzunguka kulikuwa na tambarare ya mafuriko yenye mbu wasiohesabika. Maabara ile ilikua, ikabadilisha jina zaidi ya mara moja, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Si ya Waswisi tena. Inaongozwa na Watanzania, na wanasayansi wengi wanaofanya kazi humo walisoma shule kama zenu.

Wakati babu zenu walipokuwa vijana, homa ikimshika mtu Kilombero, dawa ilikuwa klorokwini. Klorokwini ilikuwa na sifa iliyowapendeza watu: ilimuua mdudu wa malaria na pia ilishusha homa kwa nguvu zake yenyewe. Mtu alimeza, homa ikatoka, akasema amepona. Iliwasha wengi mwili mzima, hadi wengine wakaogopa kuimeza, lakini ilikuwa dawa. Miaka ikapita, mdudu akaizoea. Hapo ndipo hatari ilipojificha, kwa sababu klorokwini iliendelea kutuliza homa hata pale iliposhindwa kumuua mdudu. Homa ilishuka siku ya kwanza, familia ikafurahi, na mdudu akabaki ndani ya damu akizaana. Kijana wa dunguni amenyamaza, kwelea kwelea wanakula.

Agosti 2001 Tanzania iliiacha klorokwini ikaleta SP, vidonge vya kumeza mara moja tu. Na hapo likatokea jambo la kushangaza. Watu wengi hawakuiamini, kwa sababu SP ilimuua mdudu lakini haikushusha homa haraka. Mama alimpa mtoto dawa asubuhi, jioni mtoto bado ana moto, naye akadhani dawa haifai. Wauguzi ilibidi wafundishe: hii ni ya mdudu, na hii parasetamoli ni ya homa, zote mbili, kila moja na kazi yake. Mimi naona hilo ndilo lilikuwa somo kubwa la afya katika vijiji vyetu wakati ule, kubwa kuliko hata dawa yenyewe. SP nayo haikukaa. Kuanzia mwishoni mwa 2006 na kuingia 2007 ikaja dawa mseto, ALU, yenye ule mmea wa China ndani yake, pamoja na dawa nyingine ya kumalizia kazi.

ALU ilikuwa na shida kwa wadogo zenu. Humezwa mara sita ndani ya siku tatu, nayo ni chungu. Vidonge vilitengenezwa kwa ajili ya wakubwa. Mama alikivunja kidonge, akakisaga kwa kijiko, akakichanganya na maji, mtoto akatema nusu. Nusu nyingine ilibaki kwenye kikombe. Nani anajua alimeza kiasi gani? Mtoto aliyepata dawa pungufu haponi vizuri, na mdudu aliyeonja dawa kidogo bila kufa hujifunza kuizoea. Watafiti wakatengeneza kidonge kinachoyeyuka chenyewe ndani ya maji kidogo na kina ladha tamu ya tunda. Kukijaribu, walikwenda kwa watoto 899 wenye malaria katika nchi tano: Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na jina la kwanza kwenye andiko hilo ni la Mtanzania, Dkt. Salim Abdulla wa Ifakara. Watoto 97.8 kati ya kila 100 waliomeza kidonge kipya walipona, na wa kidonge cha kusaga 98.5. Nguvu ni ile ile. Mnaweza kusema, basi faida iko wapi? Faida iko kwenye kikombe: mtoto hatemi. Usalama wa dawa ni pamoja na mtoto kukubali kuimeza yote.

Sasa swali la pili: homa ilikuwa ya nini?

Kwa miaka mingi katika bonde hili jibu lilikuwa moja. Mtoto akiwa na homa, ni malaria. Na wakati ule mara nyingi ilikuwa kweli. Lakini vyandarua vyenye dawa vilikuja, na Kilombero ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza nchini kuvisambaza kwa wingi, katika mradi ulioanza mwaka 1997 na chandarua kilichoitwa Zuia Mbu. Malaria ikapungua. Homa hazikupungua kwa kiasi hicho. Basi hizo nyingine zilikuwa nini?

Mwaka 2008 kundi la watafiti, akiwemo daktari Mswisi Valérie D'Acremont pamoja na Watanzania kama Esther Kyungu na Mary Kilowoko, lilikaa kwenye kliniki za wagonjwa wa nje Dar es Salaam na hapa Ifakara. Walichukua watoto 1005 wa chini ya miaka 10 wenye joto la nyuzi 38 au zaidi. Kila mmoja walimchunguza kwa umakini ambao zahanati ya kawaida haiuwezi: damu, mkojo, makamasi ya puani, picha ya kifua kwa aliyehitaji. Kazi ile ilikuwa ndefu na matokeo yalitoka mwaka 2014.

Malaria ilikuwa kwa watoto 10.5 kati ya kila 100. Mmoja katika kumi! Waliokuwa na ugonjwa wa njia ya hewa, yaani kikohozi, mafua, koo na kifua, walikuwa zaidi ya 62 katika mia, na wengi wa hao hawakuwa na nimonia ya kweli kwenye picha. Kuhara kulikuwa kwa karibu 10 katika mia, maambukizi ya njia ya mkojo karibu 6, homa ya matumbo karibu 4. Na ukiwapanga kwa aina ya mdudu, saba katika kumi walikuwa na virusi.

Virusi haviuawi na dawa ya malaria. Haviuawi na antibayotiki. Mtoto huyo anahitaji maji ya kunywa, chakula kidogo kidogo, parasetamoli ikiwa homa inamtesa, na mtu wa kumwangalia. Mwili wake wenyewe utamaliza kazi. Na bado kwa miaka mingi watoto wa namna hiyo walirudi nyumbani na mfuko wa dawa tatu. Kila dawa isiyohitajika ina uwezo wa kuumiza bila uwezo wa kuponya. Kwa hiyo, wanangu, dawa iliyo salama kuliko zote wakati mwingine ni ile ambayo daktari aliyejua kipimo alikataa kuiandika. Inahitaji ushujaa. Mama ametembea kutoka shambani, amevuka maji, amengoja foleni, naye anatazamia kurudi na kitu mkononi. Muuguzi anayeweza kumweleza kwa upole kwa nini harudi na antibayotiki amefanya tiba.

Taasisi ya Ifakara na wenzao waliona wauguzi wanahitaji msaada katika uamuzi huo. Wakatengeneza programu ya kishikwambi inayomwongoza mhudumu: muulize hivi, hesabu pumzi zake, pima hiki, sasa amua. Waliijaribu katika vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya, nusu vikiwa na programu na nusu bila. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Kwenye vituo visivyo na programu, watoto wagonjwa 70 katika mia walipewa antibayotiki. Kwenye vituo vyenye programu, 23 katika mia. Na watoto hawa wa pili hawakupona vibaya kuliko wale wa kwanza.

Turudi kwa parasetamoli, kwa sababu hadithi yake haijaisha. Ilionekana safi kabisa kwa miaka kumi. Kisha mwaka 1966, huko Edinburgh, madaktari waliandika kuhusu watu waliomeza nyingi mno kwa mara moja wakafa kwa ini. Mara nyingine tena watu wakauliza swali la Brodie na Axelrod: mwili unaifanya nini? Wakapata kwamba sehemu ndogo ya kila parasetamoli hugeuzwa na ini kuwa sumu. Ukimeza kiasi sahihi, ini lina akiba ya kuizima sumu hiyo mara moja. Ukizidisha, akiba inaisha, na sumu inaanza kuunguza ini lenyewe. Mbaya zaidi, siku ya kwanza mtu anaweza asijisikie vibaya sana. Dawa ya kuokoa ipo, ilipatikana miaka ya 1970, lakini lazima afike hospitali mapema, kabla hajaanza kuugua.

Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku, usiku na mchana. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 100 hadi 150. Mtoto aliyepungua kwa njaa ana akiba ndogo kwenye ini, kwa hiyo mhudumu ndiye apange. Na kosa linalotokea nyumbani si la ulafi. Ni la majina. Chupa ya dawa ya maji ina jina hili, kidonge cha mafua kina jina lile, kidonge cha kichwa kina la tatu, na vyote vitatu vina parasetamoli ndani. Ninyi mnaojua kusoma mna kazi hapa. Chukueni paketi, acheni yale maandishi makubwa ya rangi, tafuteni yale madogo, someni jina la dawa yenyewe. Likitokea mara mbili, mwambieni mama.

Vipi ibuprofeni na diklofenaki? Zinatuliza maumivu, na ibuprofeni hushusha homa vizuri. Lakini mtoto anayehara au kutapika, aliyekauka maji, figo zake zinaweza kuumia. Na Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Dengi hulegeza uwezo wa damu kuganda, na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha kutoka damu. Homa ambayo hujaijua jina, ipe parasetamoli, uende ikapimwe.

Huko New Orleans, Marekani, watafiti Hernan Bazan na Nicolas Bazan, wakishirikiana na wenzao wa Hispania, walitangaza mwaka 2020 kwamba wametengeneza ndugu wapya wa parasetamoli, wanaotuliza maumivu na homa bila kuzalisha ile sumu ya ini. Mmoja wao ameshaanza kujaribiwa kwa watu. Mwaka 2025 Marekani iliruhusu dawa nyingine mpya ya maumivu, suzetrijini, inayozuia ujumbe wa maumivu kwenye mishipa ya fahamu kabla haujafika kwenye ubongo. Hiyo haishushi homa. Zote hizo zitahitaji miaka na macho mengi kabla ya kufikiriwa kwa mtoto wa Mngeta, hapa bondeni, na hiyo ndiyo haki yake. Asetanilidi iliuzwa haraka.

Kuna jambo moja sitaki mlisahau, nalo ni degedege. Wazee wa bonde hili wanalijua: mtoto ana homa, ghafla anakakamaa, macho yanageuka, anatetemeka. Wengi waliamini ni kazi ya pepo au ndege wa usiku, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo alipakwa mkojo, alifukizwa moshi wa mavi ya tembo, na hospitali ikawa ya mwisho. Nawaelewa wazee hao. Waliona watoto wakifa baada ya sindano, kwa sababu walifikishwa wakiwa wamechelewa mno. Lakini degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani au homa nyingine kali, na sindano ile ndiyo iliyokuwa na dawa. Mdogo wako akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, wala kidonge wala kijiko wala maji, na watu waanze safari ya kituo cha afya saa ile ile. Vivyo hivyo kwa mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au asiyeamka vizuri. Hapo hatungoji homa ishuke.

Mkifika, muuguzi atauliza amepewa nini. Wengi hujibu "dawa ya homa". Mwambieni jina, kiasi na saa. Ikiwa hamjui jina, bebeni paketi yenyewe. Na ikiwa dawa imemfanya mtoto avimbe midomo, atoke malengelenge, au awe wa njano machoni, semeni hivyo pia. Kuna fomu ya njano ambayo mhudumu huijaza na kuipeleka kwenye Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Huko husomwa pamoja na nyingine kutoka nchi nzima, kwa sababu dalili inayoonekana Mlimba kwa mtoto mmoja inaweza kuwa imeonekana pia Tanga na Kigoma, na hakuna atakayejua kama kila mmoja aliinyamazia. Fomu ina nafasi ya kuandika jina la dawa, tarehe iliyoanza kutumika, na kilichotokea. Ukimsindikiza mama zahanati, unaweza kumuuliza muuguzi akuonyeshe moja.